SOMO: MLANGO UKIZIBWA, TAZAMENI PAA



Katika Injili ya Marko, sura ya pili, twasoma habari za watu wanne waliomchukua mgonjwa wa kupooza wamfikishe kwa Bwana Yezu. Nyumba ilijaa watu hata mlangoni. Wengine wangalirudi kwao. Hawa hawakurudi, wala hawakugombana na mtu: walipanda juu, wakatoboa paa, wakamteremsha mgonjwa. Tujifunze kwao: shida isiyoondoka kwa njia ya kawaida yataka swali jipya.

Tazameni Ziwa Kivu, linalotupatia sambaza. Kina chake chapita mita 480. Huko chini, gesi mbili zimefungwa kwa uzito wa maji. Moja ni gesi kaboniki, ndiyo hiyo ya mazuku, hewa mbaya iuayo watu na mifugo mabondeni kule Goma. Ya pili ni metani, nayo huwaka. Zimo majini kama gesi katika chupa ya soda: kizibo kikiwapo, chupa imetulia, kikitoka ghafula, povu hufurika. Nayo hatari ya ziwa lenye gesi si hadithi. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, ziwa Nyos la Kameruni lilitapika gesi kaboniki, wakafa watu wapata 1,700.

Je, tuizuieje gesi isipande? Swali hilo halina jibu, kwani nani awezaye kulitia ziwa kizibo? Wataalamu waligeuza swali: tufanyeje ili ipande polepole? Wakashusha bomba refu kilindini. Pampu huanzisha kazi tu. Maji yakipanda bombani, uzito unaoyakandamiza hupungua, mapovu huzaliwa, na mapovu yenyewe huyainua maji pasipo pampu tena. Nguvu iliyotisha imekuwa mtumishi! Huko Nyos, bomba la namna hii liliwekwa mwaka 2001. Katika Kivu, upande wa Rwanda, metani ilianza kutolewa mwaka 1963 kwa kiwanda cha pombe cha Gisenyi. Na karibu na Kibuye mtambo wa KivuWatt, uliozinduliwa mwaka 2016, ulijengwa kutoa umeme wa megawati 26.

Lakini angalieni: akili bila fadhila ya busara huleta maangamizi. Maji yaliyokwisha kutolewa gesi sharti yarudishwe ziwani kwenye kina kilichopimwa, tabaka za maji zisivurugike. Atoboaye paa asiwaangushie udongo walio chini.

Basi, fanyeni hivi nyumbani. Kwanza, itajeni shida waziwazi. Pili, geuzeni swali. Tatu, jaribuni kwa kidogo. Nne, pimeni ni nani aweza kudhurika. Mvua ikibeba udongo wa shamba la mlimani, msiulize jinsi ya kuizuia mvua. Ulizeni jinsi ya kuyafanya maji yatembee polepole. Chimbeni mitaro ya kukingama mteremko, pandeni majani kandokando yake, na udongo utabaki.

MASWALI

1. Kwa nini gesi hukaa chini ya ziwa? — Kwa sababu uzito wa maji waifunga.

2. Wataalamu waligeuzaje swali? — Hawakutafuta kuizuia gesi, bali kuipandisha polepole.

3. Ni fadhila gani huilinda akili isidhuru? — Busara.

4. Kijijini kwenu, ni shida gani mmeiuliza swali moja miaka yote? Leteni swali jipya siku ya mafundisho.