Bega la Mtoto na Hesabu ya Risasi

Katika jimbo la Colorado, Marekani, mtoto huruhusiwa kuwinda wanyama wakubwa akifikisha miaka 12. Kwa kawaida sheria humtaka kwanza ahitimu mafunzo ya uwindaji salama, na mpaka atimize miaka 16 ni lazima awe na mtu mzima anayemwongoza. Kwa familia nyingi za huko nyama ya kulungu ni kitoweo cha kuhifadhi kwa majira ya baridi, kwa hiyo wazazi hukutana na swali lilelile: mtoto apewe bunduki ya risasi gani isiyompiga teke kali begani? Wengi hujibu kwa mazoea. Fizikia ina jibu bora, na kalamu na karatasi vinatosha kulipata.

Tuanzie ndani ya mtutu. Baruti ikiwaka hugeuka gesi yenye shinikizo kubwa, na gesi husukuma pande zote. Mbele huisukuma risasi. Nyuma hulisukuma ganda, na ganda limeegemea bunduki, na bunduki imeegemea bega. Isaac Newton alichapisha mwaka 1687 kanuni inayotawala jambo hili: kila msukumo una msukumo mwenzake ulio sawa nao, ukielekea upande wa pili. Kwa hiyo ukichukua uzito wa kila kinachotoka mbele ukauzidisha kwa kasi yake, utapata kiasi ambacho wanafizikia hukiita momenta, na bunduki itarudi nyuma na momenta ileile. Hakuna fundi awezaye kukwepa deni hilo.

Sasa tuhesabu. Risasi ya .243 Winchester, iliyoingia sokoni mwaka 1955, huwa na kichwa cha gramu 6.5 hivi kinachotoka kwa kasi ya mita 900 kwa sekunde. Badili gramu ziwe kilo, zidisha, unapata karibu 5.8. Watu wengi huishia hapo na kuisahau baruti. Gramu 2.7 za baruti hazitoweki kwa kuungua. Huwa gesi inayofoka mdomoni mwa mtutu kwa kasi ya kama mita 1,400 kwa sekunde, na hiyo huongeza 3.8. Jumla ni 9.6. Bunduki ya kilo 3.5 itarudi kwa mita 2.7 kwa sekunde, ikibeba nishati ya jouli 13 hivi.

Linganisha na .30-06 Springfield, risasi iliyoanza kutumiwa na jeshi la Marekani mwaka 1906 na ambayo wawindaji wa nchi hiyo wanaipenda mpaka leo. Kichwa chake cha gramu 11.7 hutoka kwa mita 820 kwa sekunde, na nyuma yake kuna gramu 3.6 za baruti. Jumla ya momenta ni 14.6. Katika bunduki ya uzito uleule, nishati inayofika begani ni jouli 30, zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza.

Hapa pana jambo la kutia moyo. Risasi ya .243 hutoka mtutuni ikiwa na jouli 2,600 hivi, na ya .30-06 ina 3,900. Kwa kuchagua ndogo, mzazi amepoteza theluthi moja ya nishati inayomwendea mnyama, lakini bega la mtoto limepunguziwa zaidi ya nusu. Sababu ni kwamba nishati ya teke hukua kwa kipeo cha pili cha momenta. Momenta ikiongezeka maradufu, nishati ya teke huongezeka mara nne. Punguzo dogo upande wa mbele huleta nafuu kubwa upande wa nyuma.

Kanuni hiyohiyo ina mtego, nao huwanasa wazazi wenye nia njema kabisa. Mtoto ana mikono midogo, basi hununuliwa bunduki nyepesi, tuseme ya kilo 2.7. Momenta haikubadilika, ila uzito wa kuipokea umepungua. Nishati ya .243 inapanda kutoka jouli 13 hadi 17. Mimi ningemchagulia mtoto bunduki iliyo nzito kidogo, nikamfundisha kufyatua akiwa ameiegemeza juu ya tegemeo thabiti, kuliko kumpa nyepesi inayomwadhibu.

Lakini kwa nini teke liwe tatizo kubwa hivyo? Si kwa sababu linaharibu shabaha ya risasi iliyofyatuliwa. Risasi hutumia kama elfu moja ya sekunde kupita mtutuni, na katika muda huo bunduki imerudi nyuma milimita moja au mbili tu. Mwili wa binadamu huhitaji zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kuitikia chochote, na wakati huo risasi ya .243 imekwisha kwenda karibu mita mia. Anayetikisika anatikisika kabla ya mlio, kwa kukumbuka maumivu ya risasi iliyopita. Mwalimu hulitambua hilo kwa kuchanganya risasi ya mazoezi isiyo na baruti bila mwanafunzi kujua: bunduki inalia “ta” bila mlipuko, na mdomo wa mtutu unazama chini. Woga ukishajengeka, kuuondoa ni kazi ya muda mrefu.

Ndiyo maana umbo la kitako cha bunduki lina uzito sawa na aina ya risasi. Golikipa hurudisha mikono anapodaka shuti kali ili mpira uchukue muda mrefu zaidi kusimama. Raba laini iliyofungwa kwenye kitako hufanya kazi hiyo, na kitako kipana hulitawanya teke kwenye eneo kubwa. Kitako kikiwa kirefu kuliko mkono wa mtoto, hakikai penye nyama ya bega, naye hulazimika kujipinda nyuma. Kikatwe kimfae.

Mlio nao huzaa woga. Bunduki ya kuwindia hufikia desibeli 160, na sauti ya zaidi ya 140 yaweza kuharibu masikio papo hapo. Kifaa cha kufungwa mdomoni mwa mtutu ili kugeuza gesi pembeni hupunguza teke kweli, ila humrudishia mtoto mlio mkali zaidi. Sikipendi kwa mtoto.

Kuna mwisho wa kupunguza, na mwisho huo ni mnyama. Colorado hukataza risasi yenye kipenyo chini ya inchi 0.24 kwa kulungu, na hutaka ibaki na jouli zisizopungua 1,350 hivi ikifika umbali wa yadi 100. Kulungu aliyejeruhiwa akakimbia kufa polepole ni dhuluma. Kwa kulungu, .243 inavuka kipimo hicho vizuri. Kwa elk, mnyama mkubwa zaidi, ningepanda hadi risasi ya 7mm-08 Remington ya mwaka 1980, ambayo katika bunduki ya kilo 3.5 hurudisha jouli 19 hivi.

Hata hivyo mtoto asianze na yoyote kati ya hizo. Aanze na .22 Long Rifle, ambayo teke lake halihisiki, afyatulie karatasi tu, masikio na macho yakiwa yamekingwa, mtu mzima akiwa kando yake. Bunduki ifungiwe kabatini baada ya kila zoezi, na funguo akae nazo mzazi. Naye mtoto akisema bega linauma, siku hiyo mazoezi yaishe.