Pengo Katika Jina la Mmea: Namna ya Kutunga Fomula za Maneno

Huko Lushoto, Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania (TAFORI) ina hifadhi ya mimea mikavu. Katika hifadhi za namna hii, kielelezo huambatana na lebo yenye jina la kisayansi. Tuseme wanafunzi wameorodhesha mimea ya Usambara katika hifadhidata, nao wanataka kompyuta iunde majina hayo. Jedwali lao lina safuwima tatu: jenasi, spishi na nususpishi.

Mmea wa kwanza ni ua la zambarau: Streptocarpus, ionanthus, grotei. Wa pili ni mti uitwao mkulo: Ocotea, usambarensis. Nafasi yake ya tatu ni tupu, kwani jina lake ni la maneno mawili tu.

Wanafunzi wanatunga fomula hii, ambamo alama || huunganisha maneno:

jenasi || ' ' || spishi || ' subsp. ' || nususpishi

Ua linapata jina kamili: Streptocarpus ionanthus subsp. grotei. Mkulo haupati hata herufi moja! Kwa nini? Katika lugha ya SQL, thamani tupu (NULL) huchukuliwa kuwa kitu kisichojulikana. Ukiulizwa jumla ya 5 na namba iliyofichwa, huwezi kujibu, kadhalika kompyuta. Wala haitoi onyo lolote. Programu za majedwali, kwa upande wake, huliacha neno "subsp." likining'inia bila mwenzake.

Dawa yake ni hii:

jenasi || ' ' || spishi || COALESCE(' subsp. ' || nususpishi, '')

COALESCE huchagua thamani ya kwanza isiyo tupu. Kwa kuwa "subsp." imo ndani ya mabano, hutoweka pamoja na pengo lake, na mkulo hurudishiwa jina: Ocotea usambarensis.

Hata hivyo, hatuna budi kutahadhari. Pengo la mkulo lina maana kwamba nususpishi haipo. Pengo la ua ambalo bado halijachunguzwa lina maana kwamba nususpishi haijatambuliwa. Fomula yetu huyaficha yote mawili kwa usawa, na mtafiti ajaye aweza kudhani kazi imekwisha. Kwa hiyo iongezwe safuwima ya nne, yenye neno "haina" au "haijatambuliwa". Fomula husafisha lebo. Ukweli hauna budi kuandikwa na mtu.

Zoezi
1. Andika fomula ya jina iwapo spishi nayo ni tupu.
2. Sharti nususpishi = NULL halileti safu hata moja, bali nususpishi IS NULL huleta. Eleza sababu.