Maganda ya Konokono na Habari za Nchi ya Kale

Mkulima wa Trans Nzoia alimaye shamba lake la mahindi huona mara kwa mara maganda meupe ya konokono yamelala juu ya udongo. Hayatazami mara mbili. Yamekauka, hayana nyama ndani, wala hayafai kitu ila kuchezewa na watoto. Lakini wako wataalamu ambao wangeliokota ganda la namna ile kutoka katika mwamba, wakaligeuzageuza kiganjani, na kwa hilo wakaeleza kama mahali pale palikuwa msitu au mbuga, penye maji au pakavu, hata ikiwa mwenye ganda alikufa miaka milioni 18 iliyopita. Jambo hili si uganga. Lina kanuni yake, na kanuni hiyo hufahamika kwa urahisi na mtu yeyote aliyekulia kati ya Kitale na Bungoma, maana nchi hiyo ina karibu kila namna ya makao wanayoyapenda viumbe wenye maganda.

Mtu akishuka kutoka msitu wa Mlima Elgon upande wa Kapsokwony, akapita Chwele hata Bungoma, kisha akafika ukingoni mwa mto Nzoia, atakuwa amepita katika nchi nne zilizo mbalimbali, ingawa safari yenyewe si ndefu. Juu msituni, chini ya majani yaliyooza, wako konokono wadogo sana. Wengi hawazidi punje ya mchele, na mtu asiyepiga magoti na kupekua majani kwa vidole hatawaona kamwe. Hao hawawezi kuvumilia jua. Msitu ukikatwa, ardhi ikakauka, hufa. Katika mashamba na vichaka wako wale wakubwa ambao kila mtu anawajua. Hao hustahimili kiangazi: hujifungia ndani ya ganda, huziba mlango kwa ute unaokauka kama ngozi, nao hulala hata mvua irudi. Katika vinamasi na mifereji yenye majani wako konokono wa majini, na miongoni mwao ni wale wanaobeba vijidudu vya kichocho. Mwisho, katika mchanga wa mto, wako kome wa maji baridi, wenye maganda mawili yaliyounganishwa mgongoni kama kitabu, ambao hupumua majini kama samaki.

Basi kanuni yenyewe ni hii: kila kiumbe kina mahali pake, na akifa huacha ganda lake mahali pale. Anayejua vizuri walio hai hupata ufunguo wa kuwafahamu waliokufa zamani. Mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka kuwa mawe huitwa visukuku. Kisukuku cha konokono wa msituni hutoa ushahidi wa msitu, hata kama leo mahali pale hapana mti hata mmoja.

Ushahidi wa namna hiyo ulipatikana si mbali na nchi hii. Mwaka 1926, huko Koru upande wa mashariki wa Kisumu, walowezi waliokuwa wakichimba mawe ya chokaa waliona mifupa ndani ya mawe. Daktari mmoja mwenye shamba huko, H. L. Gordon, aliipeleka London. Mtaalamu A. T. Hopwood alikuja mwenyewe kuchimba mwaka 1931, na mwaka 1933 akampa mnyama mmoja wa Koru jina la Proconsul. Mnyama huyo alikuwa wa jamii ya sokwe, aliyeishi yapata miaka milioni 20 iliyopita. Baadaye, mwaka 1948, Mary Leakey alipata fuvu zuri la mnyama wa jamii hiyo katika kisiwa cha Rusinga, ndani ya ziwa Victoria. Siku hizi wale wa Rusinga wamepewa jina lao wenyewe, Ekembo. Ulimwengu wote ulishangilia fuvu, na magazeti yakalichapa picha yake. Maganda ya konokono yaliyokuwa yametapakaa katika miamba ile ile hayakushangiliwa na mtu.

Hata hivyo fuvu haliwezi kusema mwenyewe aliishi katika nchi ya namna gani, na swali hilo ni kubwa. Ikiwa nyani wa kale wa jamii yetu waliishi katika msitu mnene, historia yao ni moja. Ikiwa waliishi katika nchi ya nyasi na miti michache, historia ni nyingine, na sababu zilizowafanya baadhi yao washuke mitini na kutembea ardhini lazima zitafutwe kwingine. Kwa hiyo wataalamu waliyarudia maganda. Mwaka 1963 Bernard Verdcourt, aliyekuwa mtaalamu wa mimea huko Nairobi na mpenzi mkubwa wa konokono, alichapisha makala juu ya konokono wa kale wa Rusinga na wa mahali pengine pa Kenya. Aliona kwamba wengi ni wa koo ambazo mpaka leo zinaishi Afrika Mashariki. Ajabu hiyo inastahili kufikiriwa kidogo. Katika miaka milioni 18 tembo wamebadilika, nyani wamebadilika, milima imezaliwa na kuchakaa, na konokono bado anatambaa na nyumba yake ile ile. Kwa sababu hiyo ndiyo maana anafaa kuwa shahidi: tabia za aliye hai zinaweza kulinganishwa na za babu yake bila kukisia sana.

Maganda ya Koru na Songhor yalielekea upande wa msitu wenye unyevu. Yale ya Rusinga yalikuwa na mchanganyiko, mengine ya msituni na mengine ya nchi kavu zaidi, na mabishano yakaendelea miaka mingi. Mwaka 2014 kundi la wachunguzi lilieleza kwamba katika sehemu moja ya Rusinga limepata visiki vya miti pamoja na mizizi yake, vyote vimegeuka mawe, palepale penye mifupa ya Ekembo. Na miti hiyo ilikuwa imesongamana hata matawi yake yakagusana. Lakini mwaka 2023 wengine walionyesha kwamba nyasi za nchi ya joto, za ukoo ule ule wa mahindi na mtama, zilikuwa tayari zimeenea katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki tangu miaka milioni 21 hivi iliyopita. Habari hizi mbili hazipingani kama zinavyodhaniwa. Hata leo mtu anaweza kusimama juu ya kilima kimoja huko Elgon akaona msitu, kinamasi na mbuga kwa kugeuza kichwa tu.

Huenda mtu akauliza kwa nini visukuku vya konokono havionekani Kitale yenyewe kila mtu achimbapo kisima. Jibu analijua kila bwana shamba. Udongo mwekundu wa Trans Nzoia una uchachu, na ndiyo sababu wakulima hushauriwa kutia chokaa. Ganda la konokono nalo ni chokaa. Likizikwa katika udongo wenye uchachu huliwa kidogo kidogo mpaka likatoweka. Koru na Rusinga zilikuwa na bahati nyingine. Volkano za Tinderet na Kisingiri zilitupa majivu yenye chokaa nyingi mno, na majivu hayo yaliyafunika maganda, mifupa, hata matunda na mbegu, yakayahifadhi. Mlima Elgon nao ni volkano ya kale. Kwenye mteremko wake wa kaskazini mashariki, huko Bukwa upande wa Uganda, majivu yake yalizika mimea na wanyama walioishi yapata miaka milioni 19 iliyopita; na katika pango la Kitum, ambamo tembo huingia usiku kuchimba chumvi kwa pembe zao, vipande vya miti iliyogeuka mawe huonekana kutani.

Anayetaka kusoma maganda hana budi kujihadhari na udanganyifu wake, kwa maana maganda husafiri. Mto huyabeba kutoka msituni na kuyatupa katika mbuga. Ndege huyachukua, na watu pia. Wazee wa nchi hizi walikuwa na kauri tangu zamani, na kauri ni ganda la baharini. Atakayeokota kauri katika kiwanja cha kale huko Bungoma na kusema kwamba bahari ilifika hapo atakuwa amekosea kabisa, kwa kuwa aliyefika ni mchuuzi. Kwa hiyo mtaalamu hutazama kwanza hali ya ganda. Kome ambaye maganda yake mawili bado yamefungana alizikwa alipokuwa akiishi. Maganda yakiwa yametengana, yamevunjika na kusuguliwa kingo, yametoka mbali. Tena mtaalamu hategemei ganda moja. Huhesabu mamia, akapima ni mangapi ya namna hii na mangapi ya namna ile, kama vile hakimu asivyotoa hukumu kwa maneno ya shahidi mmoja.

Barabara itokayo Kitale kwenda Kapenguria na Lodwar humfikisha msafiri mahali ambapo somo hili limeandikwa kwa herufi kubwa. Katika jangwa la Turkana, mbali na maji, maganda ya konokono na kome wa ziwani yamelala mchangani. Katika kipindi cha miaka 10,000 mpaka 5,000 iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi, ziwa Turkana lilisimama yapata mita 80 au zaidi juu ya kiwango cha siku hizi, na maji yake yakafurika kuelekea bonde la mto Nile. Watu wa wakati ule waliishi ufukoni wakavua samaki kwa vyusa vya mifupa. Vyusa hivyo vimechimbuliwa Lothagam. Katika matabaka ya kale zaidi ya bonde lile kuna pia chaza wa maji baridi aitwaye Etheria, ambaye hujigandisha kwenye mwamba na hupenda maji yanayokwenda. Yu hai mpaka leo katika Nile. Basi penye miamba ya Etheria, hata kama leo ni vumbi tupu, palipita maji yenye nguvu.

Huko huko Turkana ndiko wataalamu walikobishana vikali. Mwaka 1981 Peter Williamson aliandika kwamba maganda maelfu aliyoyapima kutoka Koobi Fora yalionyesha konokono wakikaa muda mrefu bila kubadilika, kisha wakabadilika umbo kwa ghafla ziwa lilipopungua. Wengi walisema amepata ushahidi wa jinsi viumbe vipya vinavyozaliwa. Wengine walijibu kwamba hata konokono walio hai hubadili umbo wakipata shida ya maji, na watoto wao hurudia umbo la zamani shida ikiisha. Mwaka 2008 wachunguzi wengine waliyapitia tena maganda yale, wakasema kwamba wale waliodhaniwa kuwa wapya walikuwa wageni tu, waliohamia ziwani kutoka kwingine. Mabishano yote hayo, yaliyohusu viumbe vya miaka milioni mbili iliyopita, hayakuweza kwenda mbele hata hatua moja bila kuwatazama konokono walio hai.

Siku hizi ganda husomwa hata kwa ndani. Maji yana oksijeni nyepesi na oksijeni nzito. Ziwa likikauka kwa jua, ile nyepesi hutangulia kuruka na mvuke, nayo nzito huzidi majini. Konokono anayejenga ganda lake katika maji hayo huweka kumbukumbu ya kiangazi katika kila mstari wa ukuaji wake.

Shule yoyote ya Bungoma au Kitale inaweza kujaribu mwanzo wa kazi hii bila gharama. Wanafunzi wachukue maganda matupu mahali patatu: chini ya miti ya asili, shambani, na katika mchanga mkavu wa ukingo wa mto. Kila fungu liwekwe katika bahasha yake, pamoja na tarehe, mahali, na maelezo ya miti na maji yaliyopo. Kisha mwalimu ayachanganye majina ya bahasha, na wanafunzi wajaribu kutambua kwa maganda peke yake kila moja imetoka wapi. Wasiingie katika maji yaliyotulia, kwa sababu ya kichocho.

Kazi hiyo ina haraka kuliko inavyoonekana. Vinamasi vingi vimekaushwa vikawa mashamba, na sababu zake zinaeleweka, kwa maana watu wanahitaji chakula. Lakini konokono wa kinamasi akitoweka kabla hajachunguzwa, maganda ya ndugu zake yaliyomo miambani hubaki kama barua iliyoandikwa kwa lugha ambayo msemaji wake wa mwisho amekufa. Saiwa, karibu na Kitale, palihifadhiwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa kinamasi. Viumbe vidogo vya matope vilipata hifadhi hiyo hiyo bila kuombewa. Mwaka huo huo ilifunguliwa makumbusho ya Kitale, iliyotokana na mikusanyo ya Kanali Stoneham aliyekufa mwaka 1966, nayo ina kipande cha msitu wa asili ambamo wageni huruhusiwa kutembea. Mtu akichimba kisima, choo au mchanga wa kujengea, akakuta maganda au mifupa ndani ya jiwe, asiyatoe; aweke alama mahali pale na kupeleka habari kwa makumbusho, kama sheria ya Kenya ya mwaka 2006 inavyoagiza. Ganda likishaondolewa katika tabaka lake bila kuandikwa lilitoka kina gani, hata mtaalamu hodari hawezi kulirudishia habari zake.