Wikendi ya Marafiki Kutoka Kibabii: Tuanze na Elgon

Marafiki wanaoishi ugenini wakianza kupanga safari ya wikendi, jina la kwanza kutajwa huwa Mombasa, na la pili Maasai Mara. Nawaelewa. Aliyetoka Juba, Bukavu au Bukoba kuja kusoma au kufanya kazi Kibabii, karibu na mji wa Bungoma, anajua kwamba siku zake hapa zina mwisho, na hataki kurudi kwao bila kuiona bahari ya Kenya. Hata hivyo nashikilia kwamba safari ya wikendi iamuliwe na saa tulizo nazo, na ukizihesabu vizuri saa hizo zinatupeleka Kitale na Mlima Elgon. Kutoka Bungoma hadi Nairobi ni karibu kilomita 400, na kutoka Nairobi hadi Mombasa ni karibu 480 nyingine. Kundi linaloondoka Ijumaa jioni na linalotakiwa darasani Jumatatu asubuhi litaimaliza likizo yake kitini. Kitale iko saa mbili hivi kwa matatu, kupitia Kamukuywa na Kiminini.

Hesabu hiyohiyo ya saa ndiyo inayopanga ratiba mkishafika. Mbuga ya Taifa ya Saiwa Swamp, iliyo karibu na Kitale, ilianzishwa 1974 na ni ndogo kuliko mbuga zote za taifa nchini, kama kilomita 3 za mraba tu, nayo hutembelewa kwa miguu. Ilitengwa kwa ajili ya nzohe, paa wa kinamasi ambaye kwato zake ndefu zinazopanuka humwezesha kupita kwenye tope bila kuzama. Nzohe hutoka asubuhi na mapema, kisha jioni. Jua likiwa kali amejificha kwenye matete. Wanaoingia saa sita mchana na kutoka saa nane watakuwa wamelipa kiingilio waone matete. Basi tokeni Kibabii Jumamosi asubuhi, muda wa jua kali muutumie ndani ya Makumbusho ya Kitale, yaliyokua kutokana na mkusanyiko wa vitu vya kale, vitabu na wadudu wa mlowezi Hugh Stoneham. Kuleni mjini, halafu, kama hamkukodi gari, shikeni matatu ya kuelekea Kapenguria, mshuke njia panda ya Kipsaina na kumalizia kwa bodaboda. Mkiwa langoni saa tisa alasiri mnazo saa tatu kabla ya kufungwa. Ndani kuna njia za mbao juu ya kinamasi na majukwaa ya kutazamia. Pandeni wachache wachache na mnyamaze, kwa maana nzohe husikia vicheko kabla nyinyi hamjamwona. Atakayekosa kumwona bado ana kima wa De Brazza, mwenye ndevu nyeupe, kwenye miti ya pembeni.

Nasikia pingamizi: hii ni jirani mno, si safari. Wengine huongeza kwamba Elgon tunauona kila asubuhi anga likiwa jeupe. Kuuona kwa mbali ni jambo jingine kabisa. Mgeni anaweza kumaliza miaka 4 Kibabii akijua bweni, maktaba na soko la Chwele, asijue kwamba juu ya mashamba ya mahindi ya Endebess kuna pango la Kitum, linaloingia kama mita 200 ndani ya mlima, ambamo ndovu huingia gizani usiku kuchokoa kuta kwa pembe na kulamba chumvi. Bahari zipo nyingi. Ndovu wachimbaji chumvi ndani ya pango ni wa mlima huu. Anayetaka Mombasa aiwekee likizo ndefu, ambapo ataifaidi.

Pingamizi la pili ni fedha, nalo ni zito zaidi, hasa kwa anayetumiwa pesa kutoka nyumbani. Matatu ya kawaida hubeba abiria 14, na idadi hiyo ndiyo naipendekeza iwe kikomo cha kundi, kwa sababu mkijaza gari moja la kukodi gharama ya kila mtu inashuka, na mkizidi kwa wawili tu mnalazimika kukodi la pili. Mchango ukusanywe kwa M-Pesa, mweka hazina awe mmoja, na hesabu iwekwe mbele ya wote kabla ya siku ya safari. Asiyelipa kufikia siku iliyotajwa kiti chake kipewe mwingine. Huenda hilo likaonekana ukali baina ya marafiki, lakini deni la njiani huharibu urafiki kuliko kumwambia mtu asubiri safari ijayo.

Viingilio vya mbuga za Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) hutofautiana kati ya raia, mkazi na mgeni, na hulipwa kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen, kwa hiyo kila mmoja abebe kitambulisho au pasipoti pamoja na kibali chake cha kukaa nchini. Karatasi hizo huwa na uzito zaidi pale mwenzenu mmoja atakapotaka mvuke mpaka wa Suam kwenda kuona maporomoko ya Sipi, upande wa Uganda. Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Wa Sudan Kusini au Kongo anahitaji pasipoti, na lazima pia asome masharti ya kibali chake kuhusu kutoka na kurudi. Kama hata mmoja ana shaka, bakini Kenya. Haifai kumwacha mwenzenu mpakani, mahali asipomjua mtu.

Mkishalala Kitale, Jumapili mapema pandeni Endebess hadi lango la Chorlim la Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon. Mvua ya mlimani hupenda kunyesha alasiri na njia za ndani hugeuka tope, ndiyo maana nasema asubuhi, na ndiyo maana miezi bora ni kuanzia Desemba hadi Februari. Ombeni askari wa wanyamapori awaongoze, kwa kuwa nyati na ndovu hawana ratiba. Kuhusu Kitum kuna hofu ya haki: mwaka 1980 na 1987 watu wawili waliokuwa wamelitembelea pango hilo waliugua homa ya Marburg wakafa, na wanasayansi wanahusisha virusi hivyo na popo wala matunda. Mimi nashauri muishie mdomoni mwa pango, msishike kinyesi wala popo, na mwenye kidonda kibichi asikaribie. Zungumzeni mapema na wanaosali Jumapili, na Waislamu waulizwe chakula kabla ya hoteli kuchaguliwa. Wiki hii, kabla ya kuchanga hata shilingi moja, ulizaneni nani ana karatasi gani na nani anasali siku gani, kisha chagueni Jumamosi moja ya Januari.