Uani, Bandani na Bustanini: Jaa Lako Liko Karibu Mno na Kihori



Siku moja niliitwa kijiji kimoja cha Kusini Unguja kumtazama ng'ombe wa bibi mmoja mjane. Mnyama alikuwa na mimba kubwa, anakula kidogo, anakonda, na tumbo la kushoto linajaa na kupungua, linajaa na kupungua. Kinyesi kilikuwa haba na kikavu. Nilimpa dawa ya minyoo. Baada ya wiki tatu nikaitwa tena, nikampa dawa ya tumbo. Mara ya tatu niliitwa kwa kuwa wamekwisha kumchinja. Ndani ya tumbo kubwa tulikuta bonge la mifuko laini, nyuzi za polo na kipande cha kamba, vimejisokota pamoja hadi kufikia ukubwa wa kichwa cha mtoto. Ndama alikuwa amekwisha kuota nywele.

Bibi yule hakunilaumu, lakini mimi najilaumu. Mara mbili nilipita pale, na jaa la nyumba lilikuwa hatua kumi tu kutoka kigingi cha ng'ombe. Sikulitazama.

Kwa hiyo kijarida hiki hakianzi na sindano. Kinaanzia uani. Wengi wetu Unguja hatuna malisho ya kupeleka kundi mbali. Ng'ombe amefungwa kamba chini ya mnazi, mbuzi wako nyuma ya jiko, kuku wanapita kila mahali, na tuta la mchicha liko karibu na ndoo za maji. Kinachotoka jikoni hufika mdomoni mwa mnyama, kinachotoka kwa mnyama hufika kwenye mboga, na mboga hurudi jikoni. Mzunguko huo ni mali, ila unataka mtu wa kuusimamia.

Kinachotoka jikoni

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, lakini vifuko laini bado tunaviona majaani. Ng'ombe si kama mbuzi anayechagua kwa midomo. Yeye huzungusha ulimi, huvuta fungu zima na kulimeza. Mfuko uliobebewa urojo au samaki wa chumvi unamvutia kwa sababu ya ile chumvi. Ukishaingia tumbo kubwa hausagiki wala hautoki, na hakuna dawa ya kunywesha inayouyeyusha. Njia pekee ni daktari kupasua, na si kila mfugaji ana uwezo huo. Chimba shimo la taka, lizungushie miti au makuti, na plastiki iwe na chombo chake chenye kifuniko. Mkipata jambo moja tu katika karatasi hii, liwe hilo.

Ukichukua maganda ya ndizi au ya machungwa sokoni Darajani au penginepo, yamwage kwanza chini na uyapekue kwa mkono kabla hayajaingia kihorini. Watoto wakirudi skuli wanaweza kuifanya kazi hiyo, na macho yao ni makali kuliko yetu.

Muhogo nao unataka adabu. Majani mabichi na maganda, hasa ya muhogo mchungu, yana sumu inayomzuia mnyama kutumia hewa anayovuta. Mbuzi aliyekata kamba akaingia kondeni na kushiba majani mabichi anaweza kuanza kuhema kwa kasi, kuyumba na kuanguka, na pengine kufa kabla sijawasha pikipiki. Ukiona dalili hizo mtoe pale, usimlazimishe kunywa kitu, piga simu mara moja na taja neno "muhogo", maana kuna sindano yake na ni lazima niibebe. Maganda unayotaka kumlisha yakatekate vipande vidogo, yaanike juani siku mbili tatu hadi yavunjike kwa mkono, kisha changanya kidogo na majani mengine.

Halafu kuna wali wa harusi. Najua ni sadaka, na kumwaga chakula ni vibaya. Lakini beseni la pilau au wali likitiwa mbele ya mbuzi au ng'ombe ambaye siku zote anakula majani, tumbo lake linachacha na kugeuka tindikali. Anaacha kula, anaharisha, anaishiwa maji, na kesho yake au keshokutwa unamzika. Wape kuku, na hao nao kwa kiasi. Mbuzi mpe kiganja kimoja, basi.

Kwenye maua, ninalo ombi moja tu. Ule mmea wa oleanda, wenye majani marefu membamba na maua ya waridi au meupe, unaopandwa sana kwenye nyumba na mahoteli kwa urembo, unaua moyo wa mnyama hata kwa majani machache, na hata yakiwa yamekauka. Anayepogoa ua asikutupie matawi karibu na banda, na wewe usiyapokee kwa kudhani ni majani ya bure.

Samadi: usiitumie mbichi, usiitupe

Hapa ndipo tunapopoteza zaidi. Ng'ombe wetu wa kienyeji, mdogo alivyo, hutoa kiasi cha kilo kumi za kinyesi kwa siku au zaidi. Nyumba nyingine wanakiacha kando ya banda mpaka masika yanakichukua. Nyumba nyingine wanakizoa kibichi na kukitia moja kwa moja kwenye tungule, tungule zinaungua majani, na watu wanasema samadi ni moto. Ni kweli kibichi ni moto. Tena kina mbegu za magugu, mayai ya minyoo, na vijidudu vinavyoweza kumharisha mtoto akila mchicha usiooshwa vizuri. Dawa yake ni kukiivisha.

Chagua mahali penye kivuli, chini ya mwembe panafaa, na pawe mbali na kisima kwa hatua thelathini au zaidi. Kwenye uwanda wa mawe ongeza umbali, kwa sababu maji hupenya kwenye mawe yale kama kwenye chujio, na kisima cha jirani kinaweza kuwa ndicho kinachopokea. Tandika chini vijiti au vipande vya migomba ili hewa ipite. Weka tabaka la majani makavu na ukoka, juu yake tabaka la kinyesi, nyunyiza jivu kidogo, kisha rudia hadi lundo lifike kifuani. Mkojo uliolowana na matandiko ya banda usiuache, humo mna nguvu nyingi ya mmea. Makumbi mazima ya nazi yaweke mbali, yanachelewa mno kuoza. Funika kwa majani ya mgomba yasiingie maji mengi ya mvua wala jua lisikaushe.

Sasa chukua fimbo ndefu, ichomeke katikati ya lundo na iache hapo. Baada ya siku nne au tano ichomoe na uishike. Ikiwa ni ya moto na ina unyevu, lundo linafanya kazi. Ikiwa ni ya moto lakini kavu, mwagia maji. Ikiwa ni baridi na inanuka vibaya, maji yamezidi au hewa hakuna, ligeuze. Joto la ndani likizidi nyuzi 55 ndilo linaloua mayai ya minyoo na mbegu za magugu, na ndiyo maana unaligeuza, ili kilichokuwa nje nacho kiingie ndani kikaive. Geuza kwa beleshi baada ya wiki tatu, kisha baada ya wiki tatu nyingine. Kwenye mwezi wa tatu litakuwa jeusi, limepoa, na harufu yake ni ya udongo wa mvua. Mbolea ya kuku ni kali zaidi. Hiyo usiharakishe kabisa.

Ndoo moja ya lita ishirini inatosha tuta la hatua moja kwa tatu la mchicha. Kwa bilingani, bamia na tungule, tia viganja viwili katika kila shimo na uchanganye na udongo. Walioko uwandani, ambako udongo umejificha katika vishimo vya mawe, wajaze vishimo hivyo, au wajaze mapolo na kupanda humo. Ila polo likishapigwa na jua linachanika nyuzi, na mnajua sasa nyuzi hizo zinaishia wapi. Lizungushie ua au libadilishe mapema.

Faida nyingine ya kuzoa kinyesi mara mbili kwa wiki ni nzi. Katika joto letu yai la nzi linakuwa nzi kamili kwa siku saba hadi kumi hivi. Ukimtangulia, hazaliani bandani. Hesabu hiyo hiyo itumie kwa mbu: chombo cha maji ya mifugo kimwage na kukisugua walau mara moja kwa wiki. Na kisikae kitupu mchana. Ng'ombe wa maziwa anahitaji lita 40 hadi 60 kwa siku, na siku za kaskazi hata zaidi.

Mambo mengine ya uani

Majani marefu karibu na banda yakatwe chini. Kupe hupanda juu ya jani na kungojea. Wazee wanakumbuka mbung'o alivyotolewa Unguja: madume yaliyohasiwa yalifugwa Tanga, yakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, na mwaka 1997 ikatangazwa kuwa hayupo tena. Kupe hatupati ndege ya kumfukuza. Ni vidole vyako ndani ya masikio ya ndama kila jioni, na dawa ya kuogesha kwa tarehe mliyopangiwa. Ndama mwenye homa, tezi zilizovimba chini ya sikio au mbele ya bega, na pumzi nzito, ni ndigana kali mpaka ithibitike vinginevyo. Niite siku hiyo hiyo. Siku ya nne, povu likishatoka puani, dawa ni ghali na mara nyingi haifui dafu.

Mliopulizia dawa ya wadudu bustanini, magugu yaliyong'olewa humo msimpe mnyama mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite, na chupa yenyewe isigeuzwe kopo la maji ya kuku.

Walioko Mji Mkongwe na wanaofuga mbuzi wawili watatu kwenye ua wa nyumba, msiwafunge ukutani. Mkojo una chumvi. Unapanda ndani ya jiwe la matumbawe na chokaa, ukikauka plasta inabanduka, na ukiziba kwa saruji unyevu unabaki ndani ukizidi kula ukuta. Acheni nafasi ya mtu kupita na ufagio, na sakafu iinamie upande wa mfereji.

Mnyama akiumwa, kabla sijafika, mfunge kivulini, mwekee maji karibu, na usifagie uani. Liache jaa kama lilivyo. Nikishuka kwenye pikipiki nitaanza kutazama hapo.