KUTENGA UGONJWA NA KUTENGA MTU



Somo la mwezi huu linahusu jeraha lililomo katika nyumba nyingi, nalo halijapona ingawa ugonjwa uliolileta umepungua nguvu zake. Nakusudia hali ya wale waliokataa kuchanjwa wakati wa ugonjwa wa Korona: jinsi walivyotengwa na jamaa na rafiki zao, na jinsi walivyoshikamana wao kwa wao. Yafaa tulichungue jambo hili kwa utulivu, kwa kuwa maradhi mengine yatakuja, na tutahitaji kujua tuwatendee namna gani wale wasiokubaliana nasi.

Kwanza niseme wazi nimesimama wapi, ili msomaji asinidhanie vingine. Chanjo ile ilikuwa neema. Wataalamu wa Chuo cha Imperial cha London walipopiga hesabu mwaka 2022 walikadiria kwamba katika mwaka wa kwanza wa kuchanja, yaani tangu Desemba 8, 2020 mpaka Desemba 8, 2021, chanjo ziliokoa maisha ya watu wapatao milioni 20 ulimwenguni. Mimi nilichanjwa, na wanafunzi wangu niliwashauri wachanjwe. Basi maneno yafuatayo si ya mtu anayeipinga chanjo.

Lakini ninalo jambo la kuungama. Rafiki yangu mmoja, ambaye tulisoma pamoja na kula sahani moja kwa miaka mingi, alikataa kuchanjwa. Niliacha kwenda kwake, na hilo lilikuwa na sababu, kwani nyumbani kwangu alikuwako mzee mgonjwa. Lakini niliacha pia kumpigia simu, na miezi saba ikapita. Baadaye nilijiuliza swali ambalo lilinitia haya: Je, ugonjwa huo huambukiza kwa simu?

Hapo ndipo nilipotambua kwamba kuna kutenga kwa namna mbili. Kuna kutenga ugonjwa, na kuna kutenga mtu. Mtume Mtukufu s.a.w. alifundisha kwamba mtu asiingie katika nchi yenye tauni, na aliyekuwamo asitoke kwa kuikimbia. Hiyo ndiyo kutenga ugonjwa: ina sababu, ina kipimo, na ina mwisho. Ama kutenga mtu ni kumwondoa katika salamu, katika kujuliana hali na katika hesabu ya ndugu. Namna hii ya pili hujificha ndani ya ile ya kwanza na kuvaa nguo zake.

YALIYOTOKEA AUSTRIA

Hebu tuitazame nchi moja ya Ulaya ambamo mambo haya yalionekana wazi. Katika Novemba 2021 hospitali za Austria zilikuwa zimeelemewa. Tangu Novemba 8 wasiochanjwa walikatazwa kuingia hotelini, mikahawani na kwa vinyozi, isipokuwa wale waliokwisha ugua na kupona. Tangu Novemba 15 serikali iliwaamuru wao peke yao, kuanzia wenye umri wa miaka 12, wasitoke majumbani ila kwa kazi, chakula, matibabu na mambo machache mengine ya lazima. Walikuwa watu wapatao milioni 2 katika nchi yenye watu wasiofika milioni 9. Polisi walisimama njiani wakikagua hati. Siku saba baadaye amri ya kukaa majumbani iliwekwa juu ya watu wote. Ilipoondolewa kwa wengine mwezi wa Desemba, wasiochanjwa waliendelea kufungiwa mpaka Januari 31, 2022.

Kisha ilitungwa sheria ya kuwalazimisha watu wazima wote wachanjwe, nayo ilianza Februari 5, 2022, yenye faini iliyoweza kufika yuro 3,600. Lakini Machi 9, kabla ya faini kuanza kutozwa, serikali yenyewe iliisimamisha, na katikati ya mwaka huohuo ikafutwa.

Afrika ya Mashariki nayo haikuwa mbali na fikira hizo. Nchini Kenya ilitangazwa Novemba 2021 kwamba wasiochanjwa watanyimwa huduma za serikali kuanzia Desemba 21, na Mahakama Kuu ikaisimamisha amri hiyo kabla ya siku yenyewe kufika.

Sisemi kwamba kila amri ya namna hiyo ilikuwa dhuluma. Mwenye kutawala huwajibika kulinda uhai wa watu, na kitanda cha hospitali hakigawanyiki kwa wagonjwa wawili. Ninalotaka tulitazame ni lile lililotokea ndani ya mioyo ya watu. Desemba 2022 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, walitangaza uchunguzi walioufanya katika nchi 21. Miongoni mwa mambo waliyowauliza watu ni kama wangechukia jamaa yao wa karibu akioa au kuolewa na mtu asiyechanjwa. Waliona kwamba waliochanjwa wengi waliwachukia wasiochanjwa, na pengine chuki hiyo ilikuwa mara mbili na nusu ya ile waliyokuwa nayo juu ya wahamiaji wa kutoka Mashariki ya Kati. Lakini chuki ya namna hiyo kutoka kwa wasiochanjwa kuwaelekea waliochanjwa haikuonekana, isipokuwa katika nchi mbili, Ujerumani na Marekani.

Msomaji mpenzi, ndoa si ukumbi wa hospitali. Mtu anayemkataa mkwe kwa sababu ya sindano hajikingi tena na ugonjwa. Ameingia katika kutoa adhabu.

UDUGU WA WALIOTENGWA

Sasa tuwageukie waliotengwa wenyewe. Binadamu hakuumbwa akae peke yake. Ukimfungia mlango huu, atautafuta mwingine, na aghalabu ataupata.

Hilo si jambo jipya. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1853 ililazimisha watoto wachanga wachanjwe ndui, na sheria zilizofuata zikaongeza ukali. Katika mji wa Leicester wazazi wengi walikataa. Waliokataa walitozwa faini, wengine vyombo vyao vya nyumbani vikakamatwa na kupigwa mnada, na wengine wakatiwa gerezani. Matokeo yake yalikuwa nini? Walijiundia chama, wakachangishana fedha za kulipia faini za maskini, na wafungwa wakasindikizwa kwa heshima kana kwamba ni mashujaa. Machi 23, 1885 walikusanyika katika mji huo makumi ya maelfu ya watu kuipinga sheria hiyo. Mwishowe, mwaka 1898, sheria mpya iliwaruhusu wazazi wenye pingamizi la dhamiri kupewa cheti cha kuwasamehe.

Austria ya siku zetu ilionyesha sura ileile. Watu walikutana kwa njia ya simu zao, wakapeana habari na kufarijiana, na Novemba 20, 2021 watu wapatao 40,000 waliandamana mjini Vienna. Hata chama kipya cha siasa kilichoundwa mwaka uleule kwa ajili ya kupinga amri hizo kilipata viti 3 katika baraza la jimbo la Austria ya Juu.

Katika udugu huo yamo mema, nasi tusiyafiche. Kumlipia maskini faini na kumjulia hali aliyefungiwa ni matendo mazuri, hata kama fikira iliyowakusanya ina makosa. Lakini ndani yake imo hatari pia. Kundi lililokusanywa na machungu huhitaji machungu yaendelee, la sivyo litatawanyika. Tena mwenye shaka ndogo akiingia humo hukutana na mwenye chuki kubwa, na kwa kuwa wote wamefukuzwa mlango mmoja, hudhani kwamba wana moyo mmoja. Katika jimbo hilohilo la Austria ya Juu, daktari mmoja wa kike aliyeitetea chanjo alitishwa kwa miezi mingi na baadhi ya wapinzani wa chanjo, na mwezi wa Julai 2022 alikutwa amekufa mahali pake pa kazi. Wengi katika waliokataa chanjo hawakuhusika na uovu huo. Lakini ni juu ya kila kundi kuwakanya walio wake, wala si kuwasitiri kwa sababu tu ni wenzao katika kutengwa.

Rafiki yangu niliyemtaja, nilipompigia simu hatimaye, alinijibu kwa adabu. Tulipozungumza niliona kwamba maneno yake hayakuwa ya mtu mmoja tena, bali ya kundi. Nilipomwuliza mbona anawasikiliza watu wale, alinijibu: "Nilipougua, wao ndio waliokuja mlangoni na kuniachia chakula." Sikuwa na hoja ya kumjibu.

BARUA YA MFALME

Katika historia ya Islam kuna kisa ambacho kila mwenye kutenga na kila mwenye kutengwa angekisoma. Baada ya safari ya Tabuk, katika mwaka wa tisa wa Hijra, masahaba watatu waliobaki nyuma bila udhuru, mmoja wao akiwa Kaab bin Malik r.a., walisusiwa na Waislamu kwa siku 50. Kaab alikuwa akienda sokoni na msikitini, na hakuna aliyesema naye. Alipanda ukuta wa bustani ya Abu Qatada, binamu yake aliyempenda sana, akamtolea salamu wala hakujibiwa.

Katika siku hizo alitokea mfanyabiashara kutoka Shamu akiwa na barua ya mfalme wa Ghassan. Mfalme alimwambia Kaab kwamba amesikia jinsi bwana wake alivyomtendea, akamkaribisha kwake atunzwe. Kaab alitambua kwamba huo nao ni mtihani, akaitia barua katika tanuri ikaungua. Na siku ya msamaha ilipofika, watu walishindana kumpelekea habari njema, na Talha bin Ubaidullah r.a. aliinuka mbio akampa mkono. Kaab hakulisahau tendo hilo maishani mwake.

Tunajifunza nini? Hukumu ile ilitoka kwa Mtume s.a.w., nasi hatuna mamlaka kama hayo ya kumsusia mtu kwa rai yake. Lakini hata kususia kule kulikuwa na mwisho, na mlango wa msikiti haukufungwa siku hata moja. Pia tunajifunza kwamba popote anapotengwa mtu, barua ya mfalme haichelewi kufika. Kaab aliichoma kwa sababu ya nguvu ya imani yake. Je, wewe unayemtenga ndugu yako, una hakika kwamba ana nguvu za Kaab?

MPISHI WA MERCA

Tumalizie na kisa cha pwani yetu ya Afrika ya Mashariki. Mwezi wa Oktoba 1977, katika mji wa Merca, Somalia, kijana mmoja mpishi wa hospitali, jina lake Ali Maow Maalin, aliingia katika gari lililochukua watoto wawili wagonjwa wa ndui ili amwonyeshe dereva njia. Yeye hakuwa na kinga, kwani alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu yake. Akaambukizwa.

Waliomtunza walifanya nini? Waliutenga ugonjwa kwa bidii kubwa: wakamweka mbali na watu, wakawatafuta wote aliokutana nao, na katika muda wa wiki mbili wakachanja watu zaidi ya 50,000 wa mji huo na jirani zake. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa naye. Alipona, naye akawa mtu wa mwisho ulimwenguni kupata ndui kwa njia ya kawaida. Mei 8, 1980 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza kwamba ndui imekwisha duniani.

Lakini mtu yule hakutupwa. Miaka mingi baadaye alijiunga na kazi ya kuchanja watoto wasipate polio, akiwasimulia wazazi wenye hofu kisa chake mwenyewe. Alifariki kwa malaria Julai 2013, akiwa bado katika kazi hiyo. Aliyeikimbia chanjo alikuwa mhubiri wake, naye aliwafaa wenye hofu kwa sababu aliijua hofu hiyo.

MAMBO YA KUSHIKA

Basi, ndugu msomaji, tushike mambo matatu.

Kwanza, unapolazimika kujitenga na mtu kwa sababu ya ugonjwa, mwambie sababu na mwisho wake, na yale yasiyoambukiza usiyakate: salamu, simu, chakula kilichowekwa mlangoni, na dua.

Pili, wewe uliyekataa na ukatengwa, wapime wale waliokupokea. Waulize siku moja jambo wasilolipenda, uone kama utabaki ndugu yao. Ukiona kwamba huna ruhusa ya kuwa na shaka kwao pia, basi umetoka katika chumba kimoja na kuingia katika chumba kingine kilichofungwa.

Tatu, ugonjwa unapokwisha, mwenye kutenga ndiye aanze kwenda. Asingoje kuombwa radhi, wala asiende kwa ajili ya kushinda hoja. Mimi nilikwenda kwa rafiki yangu. Hajabadili fikira zake, nami sijabadili zangu, lakini tulikula pamoja, na mwanawe alipopatwa na surua alinipigia simu mimi kwanza kuniuliza afanyeje. Nilimwambia ampeleke hospitalini upesi, naye alimpeleka.

Mwenyezi Mungu Atujaalie hekima ya kuukimbia ugonjwa bila ya kumkimbia mgonjwa, na Aziunganishe tena nyoyo zilizotengana. Amin.