Kaburi la Daktari Mercer

Kaburi latuonyesha mahali mtu alipolazwa, wala halituambii yote aliyoyaacha. Na tutazame habari za Hugh Mercer.

Alizaliwa Uskoti mwaka 1726, mwana wa mchungaji, akasomea utabibu katika mji wa Aberdeen. Mwaka 1746, katika vita ya Culloden, aliwauguza majeruhi wa upande ulioshindwa. Kwa hiyo ilimpasa kujificha. Mwaka 1747 akavuka bahari hata Pennsylvania, akawatibu walowezi wa mipakani. Baadaye alihamia Fredericksburg, katika Virginia. Huko alikuwa na duka la dawa, akamwoa Isabella Gordon, wakapata watoto watano.

Watu wa Marekani walipopigania uhuru, tabibu huyu akawa jemadari. Alichomwa kwa singe huko Princeton tarehe 3 Januari 1777, akafa tarehe 12. Akazikwa Philadelphia, katika ua wa Christ Church. Lakini mwaka 1840 mifupa yake ilihamishiwa makaburi ya Laurel Hill.

Basi, kaburi lilihamishwa. Je, yatima wake walikuwaje? Mwaka ule ule wa 1777 Baraza Kuu la nchi liliamua kumsomesha Hugh, kitindamimba, kwa fedha za nchi. Naye William, aliyekuwa kiziwi, alifundishwa kuchora na Charles Willson Peale, akawa mchoraji.

Twajifunza nini? Tunapopalilia makaburi ya wazee wetu, na tuulizane pia: watoto wao wanasoma? Jiwe lamheshimu marehemu; kumlea yatima wake kwamheshimu zaidi.